Mashine Isiyo na Maelezo

Katika mji ule Jumanne iliweza kuja mara mbili au tatu katika wiki moja. Watu waliamka, wakatazama kalenda, wakaona kwamba jana imerudi, wakapiga mswaki na kwenda kazini. Waliotaka kujua sababu walikwenda kwenye dirisha la Jumba la Maelezo, wakaandikisha swali lao, wakaambiwa wasubiri. Siwema aliyaona maswali hayo kila siku, yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani na kupangwa kwenye korido mpaka karibu na dari, na mara nyingi alijiuliza kama waliouliza walikuwa bado wanasubiri, au walikwisha kusahau kwamba waliwahi kutaka kujua.

Yeye hakuhusika na maswali. Alihusika na mashine. Kila mashine iliyoingia mjini ilitoka ng'ambo, mahali ambapo hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kufika, ikiwa imefungwa ndani ya kasha la mbao pamoja na karatasi za kueleza matumizi yake kwa lugha ya waliozitengeneza. Kazi ya Siwema ilikuwa kuzihamishia karatasi hizo kwenye lugha ya mji. Bonyeza hapa. Usiguse pale. Weka mbali na watoto. Sheria ilisema mashine isiyo na maelezo haitoki nje ya Jumba hata kidogo. Watu wa pale walipotamka neno kesho, walimaanisha vitu vinavyokuja ndani ya makasha, kwa hiyo unaweza kusema kwamba kesho yote ya mji ule ilipita chini ya kalamu ya Siwema kwa miaka kumi na tisa, na mara zote ilipomfikia ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mtu mwingine.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili na alikuwa mtu wa machale. Hakuweza kupewa kikombe cha chai asijiulize kwa nini amepewa yeye. Lakini hakuzaliwa hivyo. Miaka tisa nyuma, kama miaka ya pale inaweza kuhesabika, aliwahi kuandika hadithi. Ilihusu chombo kilichosafiri angani kwa miaka sabini kikipeleka mbegu za mtama kwenye dunia nyingine, na rubani wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Mashavu. Aliiandika kwa majuma sita, akiamini kila neno, kisha siku moja wakati wa chai akawasomea wenzake.

Aliyeketi meza ya jirani, Mahimbo, mwanamume mwenye sauti laini na miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza mpaka ukurasa wa tatu.

"Samahani, dada," akasema. "Rubani wa angani anaitwa Mashavu? Sasa akifika huko juu anajitambulishaje?"

Wakacheka. Mwingine akauliza kama huko juu watu wanasonga ugali au sufuria inaelea. Wakacheka tena, na Siwema akacheka pamoja nao, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka. Alirudi nyumbani akaiandika upya. Safari hii rubani akampa jina alilolinakili ubavuni mwa kasha la mashine, jina ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulitamka. Mtama akauondoa. Alipoisoma mara ya pili wote walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Hii sasa ndiyo yenyewe," alisema Mahimbo. Siwema alisikia sifa zile kama mtu anayemsikia mgeni akisifiwa chumba cha pili. Toka siku ile hakuandika tena kitu ambacho hakikuandikwa kwanza na watu wa ng'ambo.

Sasa sikiliza lililompata.

Jumanne ya pili ya wiki moja, asubuhi, aliitwa chini kwenye ukumbi wa makasha. Mkuu wa Jumba, Bwana Tindwa, alikuwa amesimama mbele ya mashine iliyokwisha kufunguliwa, mikono nyuma. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye desturi ya kutabasamu kwanza ndipo aseme.

"Bi Siwema. Kaa."

"Nashukuru, Mkuu. Nitasimama."

"Hii imekuja bila karatasi."

Siwema akaingiza mkono kwenye kasha, akapapasa maranda ya mbao mpaka chini. Hapakuwa na kitu.

"Irudishwe," akasema.

"Kilichoingia hakirudi. Unajua."

"Basi tusubiri karatasi zake."

"Tusubiri mpaka lini? Iandikie wewe."

"Niandike nini, Mkuu, na sijui inafanya nini?"

Bwana Tindwa akatabasamu. "Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akatoka. Siwema akabaki na mashine, na maneno yale yakabaki naye yakimzunguka.

Kwa nini mimi.

Kwa nini ametabasamu kabla na baada.

Wako wanane ghorofani. Mahimbo ana miaka mingi kuliko mimi. Kwa nini hakuitwa Mahimbo.

Nani kamwambia kwamba mimi ni mtu wa kuandika nisichokijua. Nani kaikumbuka chai ile.

Nikikosea nitafukuzwa kwa uzushi. Nikikataa nitafukuzwa kwa ukaidi. Amenipa kalamu au amenipa kamba.

Alipopanda kwenye meza yake alikuta rimu nzima ya karatasi nyeupe, ambayo hakuiomba, na juu yake kalamu mpya. Mahimbo akainua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Nimekuwekea mimi," akasema. "Una kipaji, dada. Nilikuwa nakuambia siku zote."

Hakuwahi kumwambia hata siku moja. Siwema alimshukuru, akaitia ile kalamu kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akatumia yake ya zamani.

Siku ya kwanza aliandika anayoyajua. Usiweke karibu na moto. Usifungue ikiwa imewashwa. Futa kwa kitambaa kikavu. Aliandika ukurasa mzima kwa namna hiyo, na alipousoma akaona kwamba ungefaa kwa mashine yoyote duniani, na kwa hiyo haukufaa kwa hii. Akauchana.

Siku ya pili alishuka na kiti, akaketi mbele yake, akaandika anayoyaona. Ilimfika kiunoni. Ilikuwa ya bati la kijivu, nzito, imesimama kwa miguu minne mifupi. Juu ilikuwa na mdomo mpana kama faneli. Ubavuni ilikuwa na vitundu vidogo, vingi, vimepangwa safu kwa safu. Chini palikuwa na uwazi wa mstatili, kama mahali palipong'olewa kitu. Haikuwa na kitufe chochote. Aliyaandika yote, na bado haikuwa maelezo. Ilikuwa kama taarifa ya polisi juu ya mtu aliyeokotwa bila kitambulisho.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne tena. Siwema aliinama juu ya ule mdomo, akatazama kushoto na kulia, akahakikisha ukumbi ni mtupu, na kwa sauti ya chini akalisema jina lake. Jina likashuka. Likazunguka mahali fulani ndani, likagonga bati, likarudi limekuwa zito, kama limetamkwa na mtu mwingine aliyekula chumvi nyingi kuliko yeye. Hakushtuka kwa mwangwi. Faneli yoyote inatoa mwangwi. Alichoshtukia ni ule muda mdogo kati ya kwenda na kurudi. Kwa muda ule jina lake lilikuwa mahali ambapo yeye hayupo. Alilisema tena, akapima muda kwa mapigo ya moyo. Moyo ulipiga mara mbili. Mahali gani panachukua mapigo mawili kufika na kurudi? Na nani yuko huko?

Hapo sentensi ikaja. Haikuja kwa sauti wala kwa mwanga. Ilikuja kama mtu wa nyumbani anavyoingia, bila kubisha hodi, tayari ameshaketi: Mashine hii hupeleka sauti ya mtu kwa watu watakaoishi mahali hapa baada ya miaka mia mbili.

Mwandishi mwingine angefurahi. Siwema alikunja uso. Aliigeuza sentensi ile kama askari wa mpakani anavyogeuza begi la msafiri, akapekua kila mfuko. Wewe umetoka wapi? Nani kakutuma? Alikuwa amehamisha karatasi za watu wa ng'ambo kwa miaka kumi na tisa. Kilichokuwamo kichwani mwake huenda kiliwekwa na wao, kikafichwa kati ya bonyeza na usiguse, kikasubiri siku ya kutoka na kudai kwamba ni chake. Je, mtu anaweza kujua kama wazo ni lake? Linakuja na alama? Linanuka moshi wa jiko la kwao? Alipekua. Ndani ya sentensi ile alimkuta shangazi yake Bi Tunu, aliyekuwa na tabia ya kuzungumza na mtungi kila alipoteka maji, akiwaagizia salamu wale watakaoyanywa maji hayohayo siku ambazo yeye hatakuwapo. Alimkuta baba yake akiipiga redio kofi la ubavuni na kuiambia, "Sema tena, sijasikia." Aliikuta korido ya ghorofani, na mafungu ya maswali yaliyofungwa kwa katani. Alipekua mpaka chini, akitafuta kitu cha kigeni, kitu kimoja tu ambacho kingempa haki ya kuitupa sentensi ile, na hakukipata. Vyote vilikuwa vyake. Vilikuwa vitu vya zamani, vya kawaida, vyenye vumbi, vilivyopangwa kwa namna ambayo havijawahi kupangwa. Hilo lilimtisha kuliko kama angekuta jina la mtu mwingine limeandikwa chini yake.

Akaandika. Aliandika kurasa kumi na moja, palepale kwenye kiti, na mkono wake haukusimama mpaka shingo ilipokataa. Aliandika kwamba msemaji aseme kwanza jina lake na la aliyemzaa, bila aibu, maana watu wa huko mbele hawayaoni majina yetu kuwa ya kuchekesha. Aliandika kwamba msemaji aeleze amesimama wapi, kwa kuwa huenda mahali hapo pamebadilika. Aliandika kwamba mashine haipokei maombi ya utajiri. Aliandika namna sauti inavyosafiri, ikipita katika siku moja baada ya nyingine kama sindano inavyopita katika kitambaa kilichokunjwa, na kwamba kila inapopita huiacha siku hiyo na tundu dogo, na wakati mwingine siku yenye tundu hurudi ili ishonwe. Kwenye ukurasa wa saba aliandika kwamba watu wa huko mbele husikia lakini hawajibu. Hakueleza kwa nini. Alipofika mwisho akaandika neno Maelezo juu ya ukurasa wa kwanza, kama sheria ilivyotaka.

Bwana Tindwa alizipokea kurasa zile, akazipima uzito kwa kiganja, akagonga mhuri. Hakusoma hata mstari.

"Hutazisoma, Mkuu?"

"Nimekuamini."

Siwema alirudi kwenye meza yake na neno lile limemkwama kama mwiba wa samaki.

Mashine iliwekwa uani, chini ya paa la bati, na kurasa zikabandikwa ukutani. Siku ya kwanza walikuja watu wanne. Juma halikuisha foleni ikawa imezunguka Jumba na kutokea upande wa pili. Siwema alikuwa akiwatazama kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza, amesimama pembeni ili asionekane. Alimwona mzee mmoja akivua kofia, akiinama, akieleza kwa kirefu chemchemi ya mtaa wao ilipokuwa kabla haijafukiwa, hatua ngapi kutoka kwenye jiwe lipi, ili atakayeihitaji aichimbe. Alimwona mwanamke akitamka jina la kijiji kimoja polepole, silabi kwa silabi, kama anayemfundisha mtoto, kwa sababu kijiji hicho kilifutwa kwenye ramani na jina lilikuwa limebaki kinywani mwake tu. Alimwona msichana akicheka mdomoni mwa mashine bila kusema neno, kisha akaondoka. Siku moja alimwona Mahimbo. Alisimama pale muda mrefu kuliko wote, miwani mkononi, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Siwema aliufungua mlango wa dirisha taratibu ili asikie kama anamdhihaki. Hakusikia kitu. Mpaka leo hajui Mahimbo alisema nini.

Ungedhani alifurahi. Alikuwa na hofu. Aliwatazama wale watu wakisema majina yao na ya waliowazaa ndani ya faneli ya bati, kwa sababu yeye ameandika waseme, na akaona kitu ambacho hakukitarajia. Miaka yote alikuwa amewatilia shaka watu wa ng'ambo, wale wasioonekana, wanaoamua mambo wakiwa mbali na kutuma karatasi. Sasa kulikuwa na watu uani wanaoinama kwa sababu ya karatasi, na aliyeituma karatasi alikuwa amejificha nyuma ya dirisha. Ng'ambo palikuwa hapa. Ng'ambo palikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na palivaa kanga begani. Mtu anayeandika kesho ya watu wengine, alijiuliza, ana tofauti gani na mtu anayewadanganya? Ni kwamba yeye anajua kuwa amebuni? Mwongo pia anajua. Ni kwamba ana nia njema? Nani amewahi kukutana na mtawala asiye na nia njema? Alikaa na maswali hayo asubuhi hadi jioni, na kila jioni foleni ilikuwa ndefu kuliko ya asubuhi.

Mwezi ulipokwisha, au labda ni juma moja lililorudi mara nne, Bwana Tindwa alimwita ofisini. Mezani palikuwa na bahasha.

"Karatasi zimefika," akasema.

Siwema akazisoma akiwa amesimama. Zilikuwa kurasa mbili. Mashine ilikuwa ya kukaushia nafaka. Nafaka humiminwa juu, hewa hupita kwenye vitundu vya ubavuni, trei ya chini hupokea zilizokauka. Trei na injini ya feni husafirishwa kando na zitafuata. Watengenezaji waliomba radhi kwa kuchelewa.

"Nitazihamisha leo," akasema Siwema.

Bwana Tindwa akatabasamu. "Au tuzichome."

Siwema akazirudisha karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani.

"Kaa, Bi Siwema. Safari hii kaa." Akaketi. "Umewahi kutazama korido? Tangu watu hawa waanze kuzungumza na wenzao wa miaka mia mbili ijayo, hakuna hata mmoja aliyekuja dirishani kutuuliza sisi kitu. Hata swali moja. Hata Jumanne hawaulizi. Umewaambia ni matundu yanashonwa, wameridhika. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini sijaona utulivu kama huu. Sikukosea kukuchagua. Nilikumbuka ile hadithi yako ya mtama, niliisikia nikiwa mlangoni. Nikasema, huyu akiachiwa ataandika kitu watu watakipenda. Na utaandika vingine. Tutakuwekea meza yako, chumba chako. Hutahamisha tena karatasi za mtu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Siwema alipata alichokishuku, kizima, kimewekwa mezani mbele yake. Wengine wanadhani jambo hilo hutia uchungu. Yeye lilimpa nafasi ya kupumua. Hakuwa mwendawazimu. Mtego ulikuwapo. Na ndani ya mtego, akaona, palikuwa na kila alichowahi kukitaka: meza, chumba, na mtu wa kumwambia kwamba anaweza.

"Naomba hizo karatasi, Mkuu," akasema.

"Uzifanyie nini?"

"Kazi yangu."

Bwana Tindwa akamsukumia bahasha kwa kidole kimoja. Pengine alidhani hatathubutu. Pengine hakudhani hivyo, na hapo pia palikuwa na hesabu nyingine ambayo Siwema hakuiona; alilifikiria hilo akishuka ngazi, na hakuacha kushuka.

Alizihamisha kurasa zile mbili neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, ikamchukua nusu saa. Kisha akatoka uani mchana kweupe, mbele ya foleni, akasimama karibu na ukuta uliobandikwa kurasa zake kumi na moja.

"Naitwa Siwema," akasema. "Haya yaliyobandikwa hapa nimeyaandika mimi. Nimeyabuni. Karatasi za kweli zimekuja leo, nitawasomea."

Akawasomea. Alisoma nafaka, akasoma hewa, akasoma trei. Alipomaliza hakuinua macho, akisubiri mawe, au kilio, au kile kicheko anachokijua.

Mwanamke aliyekuwa wa tatu kwenye foleni akajitokeza pembeni. Alikuwa wa umri wa Siwema, mikono imeingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma kama wanavyofunga wanawake wa kazi nzito. Watu walimpisha, ilionekana wanamfahamu. Jina lake Nyamizi, fundi wa ghala la nafaka la upande wa kaskazini.

"Dada," akasema, "hiyo ni mashine ya kukaushia mahindi. Mimi aina hiyo nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyosuka nywele. Nilijua siku ya kwanza."

Siwema akainua macho. "Ulijua?"

"Nilijua, na wenzangu niliwaambia. Waulize."

Watu wakaitikia. Yule mzee wa chemchemi alikuwapo; alikuja karibu kila siku. Akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

"Sasa mlikuwa mnapanga foleni ya nini?"

Nyamizi akamtazama kama mtu anayetazama bolti iliyokaa upande usio wake.

"Ya hadithi," akasema. "Wewe umeandika juu maelezo. Sisi tumesoma hadithi. Ulidhani hatujui tofauti? Mtu akiniambia kwamba mjukuu wa mjukuu wangu ananisikia, mimi najua hanisikii. Lakini nikisimama hapa nikafikiri ananisikia, napata la kumwambia. Nikitoka hapa naliona ghala langu kwa macho yake. Juzi nimeuliza kwa nini ghala limefungwa msimu mzima na nafaka zinaoza. Nilikuwa sijawahi kuuliza."

"Umeuliza wapi?" alisema Siwema. "Dirishani hakuna aliyekuja."

"Dirishani tukafanye nini? Tumeuliza palepale ghalani, tumeshikana mikono, mpaka likafunguliwa."

Siwema akageuka kidogo, akatazama juu. Bwana Tindwa alikuwa kwenye dirisha lilelile ambalo yeye alizoea kujifichia. Sura yake haikusomeka kutoka pale chini.

Hakujua aamini nini. Kitu kimoja kilikuwa kimevunjika ndani yake, na hakikuwa alichokitegemea. Alikuwa amemshuku Mkuu, amemshuku Mahimbo, amewashuku watu wa ng'ambo, ameishuku kalamu na sentensi na mkono wake mwenyewe. Hao wa foleni hakuwahi kuwashuku hata mara moja. Alikuwa amewahurumia tu. Alidhani watameza chochote atakachowapa. Na kwa muda wote ule wao walikuwa wakimsoma kwa macho makavu, wakichukua kinachowafaa na kuacha kingine ukutani. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile palikuwa na kitu kinachofanana sana na furaha, ambacho hakukipa jina kwa kuwa hakukiamini bado.

"Ila," alisema Nyamizi, "ukurasa wa saba una kasoro."

"Kasoro gani?"

"Umeandika wanasikia lakini hawajibu. Kwa nini hawajibu? Wana midomo au hawana?"

"Sikuona namna," alisema Siwema.

"Uliwaogopa," alisema Nyamizi. Hakusema kwa ukali. "Ukurasa wa saba nimeusoma mara nyingi. Mtu aliyeandika zile kurasa sita za mwanzo anajua watasema nini. Halafu akafika hapo akanyamaza. Sisi tumezungumza mwezi mzima. Sasa zamu yao."

"Zikifika trei na injini, mashine itachukuliwa ghalani," alisema Siwema.

"Nitaifunga mwenyewe, na itakausha mahindi. Nimekuuliza habari ya mashine?"

Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja, mwenye haraka zake labda, akaketi chini akajiegemeza ukutani kama wanavyofanya watu waliokubali kukaa. Siwema akatafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na kasha tupu la ile mashine, akaligeuza kitako juu, akaketi. Karatasi alizowasomea akazigeuza upande wa nyuma, ulikuwa mweupe. Aliogopa. Alihisi lile dirisha la juu likimchoma kisogoni. Alijua kwamba atakachoandika hapa Bwana Tindwa anaweza kukigonga mhuri kesho na kukifanya chake, na hakujua atamzuiaje. Alijua pia kwamba Nyamizi huyu hamjui, na kwamba mtu anayekusifia kurasa sita ili akukosoe ya saba huenda ana lake jambo.

Akaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, neno Hadithi. Chini yake akaandika jina lake lote.

Kisha akamwandika mwanamume wa miaka mia mbili ijayo, fundi wa kushona siku, Ngwegwe bin Tunu, akiwa amepiga magoti penye chemchemi iliyochimbuliwa, ameweka sikio ardhini. Alimwandika akisikia watu wote kwa pamoja, mwezi mzima wa sauti, mpaka akashindwa kuzitenganisha. Alimwandika akiinua kichwa, akijifuta udongo shavuni, akifungua kinywa. Na kinywa kilipofunguka, maneno ya kwanza hayakuwa shukrani, wala unabii. Alikuwa amekasirika. Alitaka kujua kwa nini walichelewa kusema.

Nyamizi alichukua ukurasa ule wino haujakauka. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza kidogo, na Siwema alimkazia macho usoni, akitafuta kicheko kinachofichwa, au huruma, au dalili yoyote ya mtu aliyetumwa. Uso ule haukumpa kitu. Alipofika mwisho Nyamizi aliugeuza upande wa pili, akakuta nafaka na trei, akaurudisha.

"Tumemjibu nini?" akauliza. "Sisi tulioulizwa kwa nini tulichelewa."

Siwema alimtilia shaka kwa muda mrefu. Kisha akiwa bado anamtilia shaka, akanyoosha mkono kuomba karatasi nyingine.